Uzi wa Ini la Mama

Tarehe 9 Januari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha baridi ya maabara kimekuacha. Sisi hatujambo kiasi. Mitihani nilimaliza mwezi wa kumi na moja kama ujuavyo, sasa nangoja matokeo, na kila anayeniona ananiuliza "yametoka?" kama vile nimeyaficha mfukoni. Mama anakusalimu. Ile suruali uliyomwachia aipunguze kiuno ameshaipunguza, lakini anataka kujua unakula nini huko mpaka kiuno kinakimbia.

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu ni ya mama na inakaa juu ya meza ya cherehani yake, na mimi kwenye simu nakauka mate. Kwa kalamu angalau sioni uso wa mtu.

Jambo lenyewe ni hili. Mama alikuambia Jumapili kwamba alikwenda hospitali "kuangaliwa tumbo". Hakukuambia yote. Kwenye picha waliona uvimbe kwenye ini, sehemu tatu. Daktari akamchoma sindano nene ubavuni, akatoa nyuzi mbili za nyama, nyembamba kama uzi wa kushonea vifungo. Uzi wa kwanza waliutumia wote kwenye hadubini na haukuwapa jibu.

Daktari ni mpole, alinichorea kwenye karatasi. Alisema huenda ni ule ugonjwa wa titi wa miaka saba iliyopita umehamia kwenye ini. Kama ni huo, kuna vidonge, na watu huishi navyo miaka. Au huenda ni saratani mpya, ya mirija ya nyongo. Hiyo inataka dripu kali, vidonge haivisikii kabisa. Kumpa dawa isiyo yake ni kupoteza muda ambao hana. Rangi wanazotia kwenye nyama hapo hospitali ili kuitambua zilijibu nusu huku nusu kule. "Iko maabara moja yenye mashine ya kuzitenganisha saratani hizi mbili," akasema, na alipoitaja nikajua ni kwenu.

Sikumwambia kwamba mjomba wangu yuko huko. Niliona haya. Lakini kopo la ule uzi wa pili lilipokuwa likifungwa niliiona namba yake, 417. Dereva wa boksi la barafu, anayeleta makopo huko kwenu, alimkuta mama kwenye benchi akipinda shingo ya gauni la mteja, maana unamjua, hakai bure hata hospitalini. Akamwambia, "Bibie fundi, mzigo wako nitaupakata kama mtoto." Mama akamjibu apakate usukani.

Mjomba, ni 417. Uzi mmoja tu ndio uliobaki. Naomba uuangalie vizuri.

Mpwa wako,
Kimya


Tarehe 26 Januari

Mpwa wangu Kimya,

Marahaba, tena marahaba. Kikohozi hakijaniacha, nadhani tumeshaoana. Hapa kazini wapo wanaonicheka kwa kuvaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, lakini hao hukaa upande wa kompyuta, hawajui baridi ya upande wetu.

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Dada yangu ni yule yule. Tulipobaki wawili alikuwa ananiambia ameshiba ili nile mimi, na mpaka leo akiniambia kitu namwamini.

Nikueleze tunachofanya, maana wewe ni mtu wa kutaka kujua hata kama huulizi kwa sauti. Kila nyama ya mwili imejaa vitu vidogo mno, mafuta na protini, na kila kimoja kina uzito wake. Tunakata kipande chembamba kuliko karatasi ya mama yako ya kuchorea patani za nguo, tunakilaza juu ya kioo. Mashine inapiga mwale wa leza kwenye nukta moja, vile vitu vinaruka, inavipima uzito, inasogea nukta ya pili. Hivyo hivyo mara elfu kadhaa. Mwisho kompyuta inapaka rangi: penye uzito huu njano, penye uzito ule buluu. Unapata ramani. Nyama iliyotoka kwenye titi haiwezi kujifanya ya nyongo, hata ikiishi kwenye ini miaka. Ni kama mtu aliyehamia mbali na kwao: atabadilisha nguo, atabadilisha jina, akifungua kinywa tu lafudhi inamtaja.

Nyumbani mliniita Mizani kwa sababu nilipima kila kitu, mpaka vifaranga. Nani alijua kingekuwa cheo.

Kawaida kopo huja na namba bila jina, na ndivyo inavyotakiwa, mkono usijue unamkata nani. Sasa umenipa namba na siwezi kuisahau. 417 lilikuwa la kumi na moja kwenye foleni. Nimelivusha mbele. Mkataji wetu mkuu ni mama mmoja tunamwita Bibi Barafu, na kusema kweli anakata vizuri kuliko mimi, lakini nimemwomba aniachie. Huyu ni dada yangu. Nitakata Jumatano. Jibu halizidi wiki mbili. Mwambie daktari hivyo.

Mjomba wako,
Mizani


Tarehe 13 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu. Nilimsomea sehemu ya lafudhi, akacheka mpaka akashika ubavu. Amesema, "Huyo alikuwa anapima vifaranga kila asubuhi halafu analia kwamba hawajaongezeka tangu jana."

Matokeo bado. Nimeanza kumsaidia mama kushona. Kwa sasa napinda tu na kutia vifungo.

Nina swali, usinicheke. Mama akikata hariri huweka karatasi chini yake isiteleze, na bado hushikilia kwa vidole viwili kama anamshika mtoto sikio. Uzi wa ini ni mdogo kuliko hariri yoyote. Nyie mnaushikaje usiteleze wembe unapopita?

Wiki mbili zilizidi tangu juzi. Daktari aliuliza. Mama amesema nisikusumbue, haraka haraka haina baraka, lakini nimeona niulize tu.

Mpwa wako,
Kimya


Tarehe 19 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Usinione nimechelewa, hapa mambo yamekuwa mengi. Kwanza mvua ilivuja kwenye korido ikabidi tuhamishe makabati. Halafu mwenye nyumba wangu amenunua jogoo asiyejua saa, anawika saa nane mchana. Halafu leza ilihitaji fundi kutoka mbali, na fundi naye alikuja bila kifaa chake, akarudi kukifuata.

Mashine ina foleni. Kazi ya namna hii haitaki pupa.

Nilizungumza na mama yako Jumapili, sauti yake ni nzuri. Alinitania kuhusu kiuno. Nimefurahi kumsikia hivyo.

Nafasi ya mwanagenzi hapa kwetu ipo, nilimtajia mkuu wa maabara habari zako. Matokeo yakitoka niambie upesi. Mikono ya mtoto wa fundi inatafutwa.

Mizani


Tarehe 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Matokeo yametoka na nimefaulu. Baiolojia ndiyo ya juu kabisa. Mama alimwita kila mteja aliyepita barabarani kumwambia, mimi nikajificha chumba cha ndani mpaka jioni. Jirani alinigongea dirishani akasema, "Toka tukuone, wewe Kimya, au umefaulu kwa kujificha?"

Oda za mama sasa nazishona mimi karibu zote. Yeye anakaa kwenye kiti na kunielekeza. Anasema mikono yangu ni mizito kwenye kona. Sare za wanafunzi tulizimaliza, lakini gauni la bibi harusi tulilirudisha kwa mwenyewe, tukamwambia atafute fundi mwingine.

Dereva wa boksi la barafu haji tena. Wa sasa ni mtu mwingine, hasemi na mtu. Nilimuuliza muuguzi. Akasema yule wa zamani aliondolewa, wanasema mwezi wa kwanza aliyeyusha kitu njiani. Nilisikitika kidogo. Nilikuwa namwona mwangalifu.

Umesahau swali langu la jinsi mnavyoushika uzi. Si kitu.

Lakini swali hili naomba usilisahau. Daktari amesema kama hakuna jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu, itabidi amchome mama tena atoe uzi mwingine, au achague dawa mwenyewe. Mama hapendi kuchomwa tena ikiwa jibu liko njiani. Nimwambieje daktari? Jibu liko njiani?

Mpwa wako,
Kimya


Tarehe 12 Aprili

Kimya,

Hongera sana kwa kufaulu. Nimewaambia wote hapa.

Mwambie daktari asubiri. Asimchome bure. Nipe wiki tatu, kuna njia ninayoijaribu.

Msalimu mama.

Mizani


Tarehe 5 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tatu zimekwisha. Daktari nilimwambia asubiri, akasubiri.

Sasa nitaandika nilichokatazwa. Macho ya mama yamekuwa ya manjano tangu katikati ya Machi. Miguu imevimba hadi magotini, na tumbo limejaa maji. Walishayatoa mara mbili kwa mpira, ndoo nzima, yakarudi. Hashoni tangu Februari. Kukuambia kwamba napinda na kutia vifungo ilikuwa nusu ya kweli. Kila Jumapili kabla hujapiga simu hujilaza robo saa akusanye pumzi, ndipo anapokea na kukutania kiuno. Akishaikata simu halali, anazimia. Mimi namshikia kichwa.

Aliniambia, "Usimwambie mjomba wako. Akijua, mkono wake utatetemeka na ana kazi ya wembe." Ndiyo maana sikuandika. Nilidhani nakusaidia.

Darasa la mwisho tuliandika insha ya mficha maradhi kifo humuumbua. Nilipata alama zote.

Mjomba, uzi ule umesema nini? Kama hujui, niandikie kwamba hujui. Sihitaji habari za jogoo.

Kimya


Tarehe 13 Mei

Mpwa wangu,

Nimeirarua barua hii mara nne. Hii ya tano nitaituma hata ikiwa mbaya.

Uliuliza tunaushikaje. Nilikuelewa vizuri sana ulipouliza, wala sikusahau.

Kipande husimamishwa kwenye kibao cha chuma, ndani ya mashine ya kukatia iliyo kama friza, ili wembe upite. Hospitalini hukisimamisha kwa gundi nyeupe ya baridi. Inashika sana, na hadubini haijali. Mashine yetu inajali. Gundi nayo ina uzito wake, na ikiwapo inapiga kelele kuliko nyama, mashine haisikii kingine. Kwa hiyo sisi hutumia tone la maji kwenye mguu wa kipande, likiganda, basi. Ni sheria ya kwanza. Mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha wageni siku yao ya kwanza.

Uzi wa mama yako ulikuwa mwembamba kuliko yote niliyowahi kushika. Niliusimamisha kwa maji. Wembe ulipougusa ukatikisika. Ungekuwa wa mtu nisiyemjua ningeongeza tone la maji, ningekwenda kunywa chai, ningerudi. Lakini niliujua ni wa nani, na ulikuwa mmoja tu, nikaona utaruka uvunjike mbele ya macho yangu. Chupa ya gundi ilikuwa rafuni kwa kazi nyingine. Nikajiambia, kidogo tu, chini kabisa. Ikapanda na uzi mpaka juu kabla haijaganda.

Nikakata hivyo hivyo, nikitafuta mahali ambapo haijafika. Nilikata vipande ishirini na sita, uzi ukaisha. Kompyuta ilipopaka rangi, ramani yote ilikuwa ya rangi moja. Rangi ya gundi.

Hiyo ilikuwa Jumatano ile ile ya Januari. Wiki tatu nilizokuomba nilikuwa najaribu kuosha gundi kwa spiriti. Ilitoka kidogo, na mafuta ya nyama yakatoka nayo. Nilijua hivyo kabla sijaanza.

Kuna lingine. Kwenye kitabu cha mapokezi niliandika: 417, ilifika imeyeyuka. Sikumtaja dereva. Sikuwa na haja ya kumtaja, boksi lilikuwa lake.

Mwambie daktari amchome tena, leo hii. Uzi ukija ataushika Bibi Barafu.

Mizani


Tarehe 30 Mei

Mjomba,

Barua yako ilichukua siku nane. Ungeweza kupiga simu. Hilo ndilo nililoliwaza kwanza, kabla hata sijafika kwenye gundi. Baadaye niliwaza kwamba na mimi ningeweza.

Nilimpelekea daktari barua yenyewe, maana nilijua nikisimulia nitalia. Alisoma, akavua miwani. Akasema, "Tangu Januari?" Nikasema ndiyo. Akasema Februari angechukua uzi mwingine kwa dakika kumi. Hata Aprili mwanzoni, kwa uangalifu. Sasa hawezi. Kinachogandisha damu hutengenezwa na ini, na ini la mama limechoka. Akitoboa, damu haitasimama.

Amempa vidonge. Nilimuuliza kama hiyo ina maana anafikiri ni ule wa titi. Alisema hapana, ina maana dripu ingemuua wiki hii.

Mama sijamwambia.

Kimya


Tarehe 20 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimeanza na kazi nikashindwa kuanza na barua, ndiyo maana umekaa wiki tatu tangu mazishi bila neno langu. Kazi zilikuwa kupanga vitambaa vya watu. Kila kitambaa nimekifunga na karatasi yenye jina la mwenyewe na vipimo vyake kwa mkono wa mama. Wamebaki wawili hawajaja kuchukua.

Ulikuja kuzika. Ulikaa siku nne chumba cha mbele na wanaume, na mimi chumba cha nyuma na wanawake, na kila nilipoleta chai ulitazama kikombe. Siku ya tatu ulinifuata uani nilipokuwa naosha sufuria. Ukaanza, "Mpwa wangu," halafu ukaokota kifuniko ukakipangusa, ukarudi ndani. Sikukusaidia. Nilikuwa na la kukuambia na mimi, nikaizamisha sauti yangu humo humo kwenye sufuria.

Ndilo hili. Mama alijua.

Wiki mbili kabla hajafa aliniuliza, "Mizani kanyamaza hivi kwa nini? Jumapili anapiga simu anahema tu." Nikamwambia yote. Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akauliza, "Alitia gundi?"

"Ndiyo, mama."

"Maskini. Aliogopa utavunjika."

Nikamwambia asikuonee huruma. Mjomba, samahani, lakini ndivyo nilivyosema. Akaniambia nimwinue kwenye mto. Akasema, "Mimi nikiondoka, utamwandikia. Mwambie jibu lilipatikana. Mwambie daktari alisema huu ulikuwa wa aina ambayo hakuna dawa ingeusogeza, si hii wala ile."

"Daktari hakusema hivyo."

"Najua hakusema. Ndiyo maana nakutuma wewe. Wewe huongei, kwa hiyo ukisema watu wanaamini."

Nikamwambia nitajaribu. Niliandika barua hiyo mara mbili, mwandiko mzuri, kila neno lake. Bado ninazo. Zote ni nzuri kuliko hii.

Lakini siwezi kuzituma. Daktari alisema hivi, na nilimwomba arudie niandike: hajui ulikuwa upi, na sasa hatajua. Kama ulikuwa wa nyongo, pengine angekufa mwaka huu huu hata kila kitu kingekwenda sawa. Kama ulikuwa wa titi, vidonge vingeanza Februari na pengine leo angekuwa kwenye cherehani. Hakuna anayejua. Mimi sijui. Nilimwaga mezani vidonge vilivyobaki, nikavitazama kana kwamba vitaniambia. Wewe ndiye uliyekuwa na njia ya kujua.

Na mimi ndiye niliyekupa namba. Ningekaa kimya siku ile moja, angekata Bibi Barafu, kwenye zamu yake, bila kumjua mtu. Hili nalibeba mwenyewe, sikuandikii ili unitulize. Usinitulize.

Nafasi ya mwanagenzi naitaka. Barua ya mkuu wa maabara imefika, anasema nianze Septemba. Nyumba nitamwachia jirani. Lakini sitapanda basi kuja kufanya kazi penye kile kitabu kama kilivyo. Yule dereva alimwambia mama atapakata kopo kama mtoto, na alilifikisha, tena limeganda. Kila mtu huko anaamini aliliyeyusha. Mama hakunituma hili, hili ni langu. Kiandike upya. Ukikiandika, nijulishe ulichoandika, neno kwa neno, si habari zake.

Mpwa wako,
Kimya


Tarehe 4 Agosti

Kimya,

Marahaba.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu kabla hajavua koti. Nilimweleza. Aliuliza mambo mawili: ni lini, na nani mwingine anajua. Nimetolewa chumba cha baridi. Kwa sasa naosha vioo, na baraza litakaa mwezi ujao kuamua kama nitaachiwa hata hivyo vioo. Nafasi yako haikuguswa. Atakayekufundisha ni Bibi Barafu. Amesema uje na soksi nene, na kwamba hapendi watu wanaoongea wakati wa kukata, kwa hiyo mtapatana.

Jana nilimtafuta dereva. Nilimkuta kwenye ghala moja anapakia saruji, nywele zote nyeupe kwa vumbi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, hakunikaribisha kukaa. Aliweka mfuko chini. Akasema, "Nilijua haikuyeyuka. Nilifungua nikagusa barafu kila kituo. Mke wangu ndiye hakuniamini." Nikamwambia mkuu atampigia simu arudishwe. Akasema atafikiria. Akauliza, "Na yule bibie fundi?" Nikamwambia. Akauchukua mfuko wake akaupandisha begani, akaendelea na kazi.

Ulitaka neno kwa neno. Mstari wa zamani nimeukata kwa kalamu moja ili bado usomeke. Chini yake nimeandika hivi, na nimetia jina langu kamili na tarehe:

417. Ilifika salama, imeganda. Iliharibiwa na mkataji, kwa gundi. Uzi haukubaki. Mgonjwa amefariki. Jibu halikupatikana.